Korongo Halisubiri Setilaiti

Korongo la nyanda za Karatu hukaa kavu kwa miezi. Ng'ombe hupita ndani yake, watoto hulikatiza wakienda shule. Kisha siku moja ya masika mvua inanyesha juu tu, na maji mekundu yanateremka yamebeba magogo na udongo wa mashamba, huku aliyesimama kivukoni hajadondokewa hata na tone. Baada ya saa chache yamekwisha kupita.

Ndiyo maana picha ya mafuriko kutoka angani, inayosifiwa sana, haimsaidii sana mkazi wa kata kama Kansay, hapa Karatu. Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, hutumia rada inayopenya mawingu, na maji yaliyotulia huonekana meusi kwenye picha yake. Kwa bonde la Rufiji, ambako maji hutanda kwa siku nyingi, huo ni msaada mkubwa. Lakini setilaiti moja ya aina hiyo hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Ikifika juu ya korongo, itakuta matope.

Kwetu, faida ya teknolojia hii iko kabla ya mvua. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11, na vipimo hivyo hutolewa bure. Ardhi imegawanywa katika miraba ya takriban mita 30 kwa 30. Programu ya ramani huuliza kila mraba: ukimwagiwa maji, utampa nani kati ya majirani zako wanane? Kisha huhesabu. Mraba wa kwanza umepokea kutoka kwa mmoja, unaofuata kutoka kwa kumi, wa kule bondeni kutoka kwa maelfu. Mistari inajichora yenyewe, na pale inapokutana ndipo pa kutazamwa kabla ya kujenga darasa au kuchimba msingi wa nyumba.

Sasa tia mvua. Milimita 20 zikinyesha juu ya kilometa moja ya mraba, ni lita milioni 20. Hata nusu ikizama ardhini, zinazobaki zingejaza maboza 1,000 ya lita 10,000. Shamba lenye matuta na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Lililolimwa kufuata mteremko huyaachia yote, pamoja na rutuba yake, yaelekee Ziwa Eyasi au Ziwa Manyara. Maziwa hayo hayana mto wa kutokea, kwa hiyo udongo ulioingia humo umeingia.

Ila mraba wa mita 30 humeza kabisa korongo la mita tatu, na kalavati halionekani. Dar es Salaam walilijua hilo: kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa wakichora mifereji na nyumba, na wenyeji wakaonyesha maji yalifika wapi. Kansay nako wapo wazee wanaojua korongo lipi limehama na lipi limekula shamba la nani. Wakae na mchora ramani, simu yenye GPS mkononi, wapite kivuko kwa kivuko.

Na shuleni kisimikwe kipimamvua, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, namba itumwe kwa simu kwa wanaokaa bondeni.