Mawazo ya Mfanyakazi Yapewe Jibu

Mnamo mwaka 1898 kampuni ya Kodak ya Marekani iliweka utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi wake. Wazo la kwanza kutunukiwa lilikuwa la kuosha madirisha ili mwanga uingie vizuri kiwandani. Mwenye wazo alipewa dola 2. Jambo lenyewe ni dogo, lakini wakubwa hawakuliona, kwani si wao waliofanya kazi gizani.

Katika vyama vyetu vya msingi, mpimaji na mlinzi wa ghala ndio wajuao paa linavuja wapi, na kwa nini wakulima hungoja mizani hadi jioni. Hata hivyo wengi hunyamaza. Walikwisha kusema mara moja, Katibu akaitikia "tutaangalia", basi, ukawa ndio mwisho wake.

Sanduku la maoni peke yake halitoshi. Mengine yamejaa utando wa buibui. Kila wazo liandikwe daftarini pamoja na jina la mtoaji na tarehe, lisomwe katika kikao cha Bodi kifuatacho, na mhusika ajibiwe. Likikataliwa, aelezwe sababu. Likikubaliwa, lijaribiwe kwanza katika kituo kimoja cha ununuzi, na zawadi, hata iwe ndogo, itolewe mbele ya wanachama. Mawazo yahusuyo fedha au mizani yasijaribiwe kabla ya Bodi kuyaidhinisha.