Mionzi Iliyolala Matopeni: Bahari ya Ireland (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi kiwanda cha Sellafield, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilivyoanza mwaka 1952 kumwaga majitaka yenye mionzi baharini kwa bomba. Leo tuteremke hadi kwenye tope, maana anayepima maji peke yake hupata nusu ya habari.

Maji hayatulii. Seziamu-137 iliyoyeyuka humo ilichukuliwa na mkondo, ikazunguka Uskoti, ikaingia Bahari ya Kaskazini na kufika hadi Aktiki. Plutoniamu ina tabia nyingine: hung'ang'ania chembe za udongo, na sehemu kubwa ilituama karibu na bomba, katika tope laini la pwani ya Cumbria. Seziamu kiasi ilinaswa humo pia.

Kulitoa tope hilo kunataka subira. Likichotwa ovyo, tabaka la juu, ambalo ndilo jipya na jepesi, huoshwa kabla halijafika melini. Kwa hiyo watafiti hushusha mrija mrefu unaojididimiza kwa uzito wake. Ukishapandishwa, kitu cha kwanza kutazamwa ni maji yaliyobaki juu ya tope. Yakiwa maangavu, sampuli inafaa. Yakiwa yamevurugika, inamwagwa na mrija unashushwa tena. Kisha tope husukumwa nje polepole na kukatwa vipande, mara nyingi vya sentimita moja moja. Kingo za kila kipande hukwanguliwa na kutupwa, kwa kuwa ukuta wa mrija huburuta tope la juu kwenda chini, na uchafu wa juzi ukaonekana wa zamani.

Maabara hukausha vipande, huvisaga na kuvipima ndani ya kasha la risasi linalozuia mionzi ya nje. Seziamu hujulikana kwa mionzi yake ya gama. Plutoniamu ni ngumu zaidi: hutoa hasa chembe za alfa, ambazo haziwezi kupenya hata karatasi, hivyo ni lazima itenganishwe kwanza kwa kemikali.

Tope lingekuwa limetulia, tungeusoma umwagaji mkubwa wa miaka ya 1970 kama pete za shina la mti. Halijatulia. Kamba na minyoo huchimba mashimo marefu humo, nyavu za kukokota hulifukua, na tabaka za miaka tofauti huchanganyika.

Umwagaji wa seziamu ulipungua mno baada ya mtambo wa kuchuja kuanza kazi mwaka 1985. Hapo ndipo mambo yalipogeuka: tope lililokuwa likipokea seziamu sasa huirudisha majini kidogo kidogo. Sikubaliani kabisa na hoja kwamba bomba likidhibitiwa, upimaji nao upunguzwe. Seziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Plutoniamu-239, miaka 24,000 hivi. Sampuli ziendelee kuchukuliwa palepale, kwa mrija uleule, ili kipimo cha mwaka huu kilinganishwe na cha zamani.

Wiki ijayo: samaki na kombe wa Cumbria.