Kusudi na Tokeo: Uandishi wa Makala ya Kamusi Elezo Kuhusu Michezo ya Manufaa ya Jamii

1. Utangulizi

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, hujiita kamusi elezo huru. Jina hilo lina funzo ndani yake. Kamusi hufasili, nalo elezo hufafanua. Kwa hiyo makala ya kamusi elezo hayana budi kusema kwanza kitu ni nini, kisha kueleza kilivyo. Makala mengi yaliyomo bado ni mafupi mno, na wahariri wake huyaita "mbegu".

Swali linalostahili kuwashughulisha wataalamu wa lugha ni namna ya kuikuza mbegu hiyo. Wako wanaoyatafsiri makala ya Kiingereza neno kwa neno, na wako wanaorefusha makala kwa kuongeza sifa. Njia zote mbili huzaa maandishi marefu yasiyo na elimu ya kutosha. Hapa itaonyeshwa kwamba kuboresha makala ni kazi ya fasili na ya kupima madai. Mfano uliochaguliwa ni Games for Change, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2004, ambalo huendeleza michezo ya kompyuta yenye manufaa kwa jamii. Pamoja nalo utatazamwa mchezo mmoja uliotolewa Kenya mwaka 2013, kwa kuwa unahusu jambo ambalo watu wa Eldoret wanalijua kwa uchungu.

2. Utata wa neno "mchezo"

Kutokana na kitenzi "cheza" Kiswahili kimepata nomino "mchezo", ambayo imebebeshwa mizigo mingi. Ukurasa wa michezo wa gazeti huzungumzia kandanda na riadha. Mchezo wa kuigiza ni tamthilia. Mchezo wa watoto ni kombolela. Katika baadhi ya miji "kucheza mchezo" ni kuchangishana fedha kwa zamu, yaani upatu. Tena mtu akisema "huu si mchezo", anakusudia kwamba jambo halina mzaha.

Kwa sababu hiyo, makala yakianza kwa kusema kwamba shirika fulani "linahusika na michezo ya maana", msomaji wa Eldoret, mji unaosifika kwa wanariadha wake, atadhani kwamba panazungumzwa mbio. Dawa yake ni kuongeza kivumishi kinachobainisha. "Mchezo wa kompyuta" na "mchezo wa simu" hutosha pale chombo kinapojulikana. Vijana husema "gemu", na neno hilo limekwisha kupata makazi katika mazungumzo, ingawa katika maandishi rasmi bado hufafanuliwa kwanza.

Ugumu wa pili umo katika wazo lenyewe la mchezo wenye jambo zito. Mwaka 1970 Clark Abt alichapisha kitabu kilichoitwa Serious Games. Jina hilo likitafsiriwa "michezo isiyo ya mzaha", huonekana kama kitu kinachojipinga chenyewe. Lakini Mswahili hana sababu ya kushangaa. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo, na hata hivyo wachezaji wake hulihesabu kuwa uwanja wa akili, subira na heshima. Kwa hiyo "michezo ya manufaa ya jamii" ni istilahi inayofaa, maadamu mwandishi anaeleza mara moja kwamba neno "manufaa" linataja nia ya waliotunga mchezo, wala si hukumu juu ya matunda yake.

3. Shirika na kazi yake

Katika Kenya mazoea ni kuliita kila shirika la aina hii "shirika lisilo la kiserikali". Msemo huo hueleza uhusiano wa shirika na dola. "Shirika lisilotafuta faida" hueleza uhusiano wake na fedha. Hayo ni mambo mawili tofauti, kwa sababu kampuni ya biashara nayo si ya serikali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2024, imeleta jina la tatu, mashirika ya manufaa ya umma, ambalo hutaja lengo. Mwandishi hana budi kuchagua jina linalolingana na ukweli anaotaka kuusema.

Kitenzi nacho kina uzito wake. Shirika laweza kubuni mchezo, kuutayarisha, kuugharimia, kuusambaza au kuutuza. Darfur is Dying, mchezo wa mwaka 2006 unaohusu watu waliokimbia makwao magharibi ya Sudan, ulitungwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California wakiongozwa na Susana Ruiz. Food Force, wa mwaka 2005, ulitolewa na Mpango wa Chakula Duniani. Yote miwili hutajwa mara kwa mara inapoelezwa historia ya michezo ya namna hii, lakini haikutungwa na Games for Change. Kwa upande mwingine, Half the Sky Movement: The Game, uliotolewa mwaka 2013 na ambao safari yake inapita India, Kenya na nchi nyingine, ulitayarishwa chini ya usimamizi wa shirika hilo. Makala yakisema tu kwamba shirika "lina" michezo hiyo yote, kiambishi kimoja kitakuwa kimeharibu historia.

Sentensi ya kwanza ya makala ingeweza basi kuwa hivi: "Games for Change ni shirika la Marekani lisilotafuta faida, lililoanzishwa mwaka 2004, ambalo huendeleza michezo ya kompyuta inayokusudiwa kuwasaidia watu kuelewa na kushughulikia masuala ya kijamii." Kitenzi "kuendeleza" kinafaa kuliko "kutangaza", ambacho kina harufu ya biashara. Na neno linalobeba sentensi nzima ni "inayokusudiwa".

4. Kusudi si tokeo

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Mwaka 2013, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi, Afroes, kampuni iliyoanzishwa na Anne Githuku-Shongwe, ilitoa mchezo wa simu ulioitwa Haki 2: Chaguo ni Lako. Ulikusudiwa kuwahimiza vijana kuchagua amani na kukataa ukabila. Haja ya himizo kama hilo haikuwa ndogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 machafuko yaliyoenea nchini yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililokuwa limejaa wakimbizi lilichomwa moto huko Kiambaa, karibu na Eldoret.

Zitazamwe sasa sentensi mbili. Ya kwanza: "Mchezo huu ulitolewa ili kuhimiza amani." Ya pili: "Mchezo huu ulileta amani." Katika ya kwanza kiunganishi "ili" kinaonyesha kusudi, na kusudi huthibitishwa kwa maneno ya mtungaji. Katika ya pili kuna dai la sababu na tokeo, nalo halithibitishwi kwa maneno ya mtungaji hata kidogo.

Ni kweli kwamba uchaguzi wa 2013 haukufuatwa na umwagaji damu kama ule wa 2007. Lakini mambo mengi yalikuwa yamebadilika. Katiba mpya ilikuwa imepitishwa mwaka 2010. Tume ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ilikuwa imeundwa. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikuwa zikiendelea. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wamesimama pamoja, na hivyo jamii mbili zilizopambana katika Bonde la Ufa zilijikuta upande mmoja wa siasa. Malalamiko ya uchaguzi nayo yalipelekwa Mahakama ya Juu. Mwandishi anayeutunukia mchezo wa simu amani hiyo anafuta mambo hayo yote. Tena anamdhulumu msomaji aliyezika ndugu zake, kwa kumwambia kwamba jeraha lake lingetibika kwa burudani.

Hii haina maana kwamba mchezo haukufaa kitu. Maana yake ni kwamba kufaa kwake ni jambo la kuchunguzwa. Idadi ya watu waliouchukua katika simu zao huonyesha umefika wapi. Haionyeshi umewabadilisha nini.

5. Vyanzo na majadiliano

Kanuni za Wikipedia hudai kutopendelea na kutegemea vyanzo vinavyoweza kukaguliwa. Kiswahili kina miundo inayoikwepa kanuni hiyo kwa urahisi. "Inasemekana", "inaaminika" na "yasemwa na wengi" humficha msemaji. Mhariri mwema huuliza: nani alisema, lini, na ana maslahi gani? Taarifa ya shirika lenyewe inatosha kuthibitisha mwaka wa kuanzishwa au jina la mkurugenzi. Mafanikio huhitaji shahidi wa nje. Kwa sababu hiyo hiyo, mtumishi wa shirika hafai kuliandikia makala. Mahali pake ni ukurasa wa majadiliano, ambako atatoa maoni akijitambulisha.

6. Hitimisho

Kazi hii inazistahili idara za Kiswahili, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret. Mwanafunzi anayepima tofauti ya "ili kuhimiza" na "ulileta" anajifunza sarufi na uadilifu kwa pamoja. Haja hiyo imezidi katika miaka hii, kwa kuwa maandishi ya kamusi elezo hutumiwa pia kuzifundisha kompyuta lugha zetu, na kosa lililoandikwa mara moja hurudiwa mahali pengi. Makala mafupi yanayotenganisha kusudi na tokeo yana faida kubwa kuliko makala marefu yanayovichanganya.