Museeuw: 'Simba wa Flanders' aliyenusurika kukatwa mguu

Na Mwandishi Wetu

UNAPOTAJA magwiji wa mbio za baiskeli za barabarani nchini Ubelgiji, jina la Johan Museeuw haliwezi kukosekana. Mwanamichezo huyo, aliyezaliwa Oktoba 13, 1965, alibandikwa jina la 'Simba wa Flanders' kutokana na simba mweusi aliye katika bendera ya eneo analotoka.

Museeuw alianza kuendesha baiskeli za kulipwa mwaka 1988, na miaka miwili baadaye alishinda hatua mbili za mashindano ya Tour de France. Hata hivyo, sifa zake kubwa zilitokana na mbio za siku moja, ambazo huhitaji mwili imara na ujasiri kuliko uwezo wa kupanda milima mirefu.

Alitwaa taji la Ronde van Vlaanderen, mbio kubwa za nyumbani kwao, katika miaka ya 1993, 1995 na 1998. Mwaka 1996 alishinda Paris-Roubaix, na Oktoba 13 mwaka huo, siku alipotimiza miaka 31, akawa bingwa wa dunia mjini Lugano, Uswisi.

Paris-Roubaix, inayofanyika kaskazini mwa Ufaransa, ina urefu wa takriban kilometa 260, zikiwamo zaidi ya 50 za njia za mawe. Mvua ikinyesha, mawe hayo huteleza, na kuanguka huwa jambo la kawaida.

Ndivyo ilivyomtokea Museeuw mwaka 1998. Akiwa katika njia ya msitu wa Arenberg, alianguka na kuvunjika vibaya pia ya goti la kushoto. Jeraha liliingiwa na vijidudu, nyama ikaanza kuoza, na ikahofiwa kwamba mguu ungelazimika kukatwa.

Wengi waliamini kuwa safari yake ya michezo ilikuwa imefikia tamati. Lakini mwaka 2000 alirejea katika mbio hizo hizo na kuibuka mshindi. Alipovuka mstari wa mwisho, aliuinua mguu wa kushoto na kulionyesha goti lake kwa kidole. Mwaka 2002 alishinda kwa mara ya tatu, akiwa amegubikwa na matope.

Alistaafu mwaka 2004, lakini heshima yake ilitiwa doa. Mwaka huohuo alifungiwa na shirikisho la mchezo huo nchini mwake kwa tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na Januari 2007 alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba hakuwa mwaminifu kikamilifu katika kipindi cha mwisho cha kazi yake. Mwaka 2008 mahakama ilimpa adhabu ya kifungo cha nje.

Hivyo basi, historia ya Museeuw ina pande mbili: ushujaa wa mtu aliyerudi kushinda kwa mguu aliokaribia kuupoteza, na doa ambalo mataji yake hayawezi kulifuta.