Ligi ya Misonobari: Mwamuzi ni Udongo

Panda mche uleule mahali pawili tofauti, utapata miti miwili isiyofanana hata kidogo. Katika ligi ya misonobari na jamaa zake, mbegu ni mchezaji tu. Matokeo huamuliwa na ardhi.

1. Mrefu kuliko wote
Hyperion, mti wa redwudi wa kaskazini mwa California, Marekani, una urefu wa mita 116. Ulaze kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, utapita magoli yote mawili!

2. Pengo kubwa kwenye pwani moja
Shuka kusini kwa pwani hiyohiyo hadi Mendocino. Hapo ardhi imeinuka kutoka baharini kwa ngazi, kila ngazi ikiizidi ya chini yake kwa miaka kama 100,000. Mvua ni ileile, ukungu ni uleule. Lakini kwenye ngazi kongwe mvua imeosha rutuba, tindikali imefikia pH chini ya 4, na chini ya mchanga mweupe kuna tabaka gumu lisilopitisha mzizi. Mvua zikinyesha maji hutuama, kiangazi pakavu. Msonobari wa miaka 100 hapo unaweza kupitwa kimo na mtu mzima, ilhali mwendo mfupi tu kutoka hapo redwudi zimefunika anga. Kwangu mimi, hili ndilo pambano bora la orodha nzima.

3. Mwenda pole wa dunia
Mwerezi mmoja uliota kwenye jabali upande wa Kanada wa Maziwa Makuu, karibu bila udongo. Miaka 155: sentimita 10.2, gramu 17. Kalamu ya biro inaushinda kwa urefu!

4. Shamba kubwa la nyumbani
Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi: hekta 135,903, karibu sawa na Mkoa mzima wa Dar es Salaam. Msonobari wa patula hupenda baridi ya nyanda za juu na udongo mwekundu wenye kina unaopitisha maji. Ukiushusha mabondeni, kwenye vinyungu (bustani za bondeni zenye majimaji), mizizi hukosa hewa na mti hudumaa. Adui mwingine ni mdogo mno: upungufu wa boroni, ambao umewahi kuisumbua misonobari ya Afrika Mashariki. Ncha hukauka, matawi ya pembeni hushindana kushika nafasi yake, na mti uliotakiwa kutoa mbao unageuka kichaka.

5. Mavuno yaliyopimwa kwa subira kuu
Tangu 1968, mtafiti Julian Evans alifuatilia patula ya Usutu, Eswatini, mavuno baada ya mavuno. Sehemu kubwa haikushuka. Palipozorota ni kwenye udongo wa mwamba wa gabro, na kilichopungua ni fosforasi.

Unayetafuta shamba la miti Mufindi au Njombe, chimba kwanza shimo la mita moja. Ukikuta mwamba au maji, usilipe.