Usitie Sahihi Msibani

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunakijua kilio kinachotoka majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, wakafa watu zaidi ya 800. Makaburi ya Igoma yangali yanatukumbusha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228.

Baada ya msiba wa namna hiyo, na hata baada ya kifo cha mtu mmoja aliyegongwa na basi, huja jambo ambalo wengi wetu hatujajiandaa nalo: karatasi. Mtu hufika na bahasha na kalamu. "Mama, pole sana. Weka sahihi hapa." Mama, macho yamevimba kwa kulia, anaweka dole gumba.

Akina mama, tutofautishe mambo mawili. Rambirambi ni mkono wa pole. Fidia ni haki. Sura ya 310 ya sheria za nchi yetu inawaruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu kudai fidia ikiwa kifo kimesababishwa na kosa au uzembe wa mwingine. Lakini karatasi ikisema kwamba umepokea fedha na huna dai tena, huenda umeuza haki ya watoto kwa posho ya mwezi mmoja.

Karatasi nyingine, au mkataba aliotia sahihi marehemu, husema kwamba ugomvi wowote upelekwe kwa msuluhishi, si mahakamani. Njia hiyo si mbaya yenyewe. Huweza kwenda haraka, tena faraghani. Lakini msuluhishi hulipwa na wenye shauri, na uamuzi wake ni vigumu kuupinga. Mahakamani kesi husikilizwa wazi, na kuna rufaa.

Haki ya kwenda kwa msuluhishi huweza kupotea. Kwa Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, anayeshtakiwa anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi ili shauri liende kwa msuluhishi. Lakini aseme mapema. Akishajibu madai yenyewe, amekubali mahakama. Hawezi baadaye kumrudisha mjane nyuma. Nawe mama, ukitaka msuluhishi, usifungue kesi kwanza. Chagua kabla hujaanza safari.

Wako wanaoona kwamba Mkristo akidai fidia hajasamehe. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Ada ya shule ya yatima bado inadaiwa. Hata mahakamani, kesi ya madai hupitia hatua ya upatanishi kabla ya kusikilizwa. Mlango wa amani haufungwi.

Basi tufanye nini? Pokea rambirambi, lakini usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba nakala. Tunza tiketi, cheti cha kifo na mkataba wa kazi. Ukoo ukutane, uchague msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama. Anayedaiwa akiwa ni Serikali, sheria inataka apewe taarifa ya siku 90 kabla ya kesi, kwa hiyo usikae mno. Kama huna fedha za wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na sisi majirani tunaokwenda kufariji, tusiishie kupika na kuimba. Mmoja wetu anayejua kusoma vizuri akae karibu na mfiwa. Kalamu ikiletwa, aseme kwa upole: "Acheni karatasi hapa. Tutaisoma kwanza."