Vichezeo vya sikukuu kwa watoto wadogo: anza na kokwa la embe

Shule za chekechea zimefungwa, maembe yameiva na jamaa wanaanza kurejea nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa. Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, lakini mwezi Desemba kazi hiyo hurudi kwa wazazi, kwa susu na kwa dada wakubwa. Makala hii inaeleza vitu vichache ambavyo mnaweza kutengeneza pamoja na mtoto wa kati ya mwaka 1 na 3 bila kununua chochote, na vile ambavyo havifai kabisa kuwa mkononi mwake.

Kokwa la embe ndilo tunalopendekeza muanze nalo. Chagueni embe la kienyeji lenye nyuzi nyingi. Likishaliwa, osha kokwa kwa maji mengi, lisugue hadi utelezi uishe, kisha lianike juani siku kadhaa. Nyuzi zikikauka husimama kama nywele. Chora macho na mdomo kwa mkaa, lizungushie kitambaa, na hapo mna mwanasesere. Mtoto wa miaka 2 ataweza kumchana nywele kwa kitana kikuukuu. Kuchora uso hawezi, na hakuna haja ya kumlazimisha. Kokwa zima lina faida nyingine: ni kubwa mno kumezwa.

Kwa mapambo ya nyumba, kumbukeni kwamba mtoto wa umri huu hajui kutumia mkasi ila ni hodari wa kurarua. Mpe gazeti la zamani ararue apendavyo. Mtu mzima akate umbo la nyota kwenye katoni, mtoto abandike vipande vyake. Gundi ni unga wa ngano na maji, vikikorogwa motoni hadi viwe kama uji mzito, kisha vipoe kabisa. Nyota itundikwe kwa uzi wa mkonge mahali asipofika, maana uzi mrefu unaweza kumkaba shingo.

Changanya gundi hiyohiyo na bizari ya manjano, mpake mtoto kiganjani, abonyeze kwenye karatasi. Alama hiyo inatosha kuwa kadi ya Krismasi au ya Idd. Wayahudi nao wana namna yao. Sikukuu yao ya Hanuka, ambayo mara nyingi huangukia Desemba, hudumu siku 8, na kinara chake hubeba mishumaa 8 na mmoja wa kuwashia. Watoto wadogo hubonyeza viganja viwili, gumba juu ya gumba: vidole 8 vinakuwa mishumaa ya siku 8, na gumba mbili ndizo mshumaa wa katikati. Mtoto anapata kinara chake bila kukaribia moto. Sikukuu hii haiko mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Jirani zetu Abayudaya, karibu na Mbale nchini Uganda, wamefuata dini ya Kiyahudi tangu 1919. Katika Hanuka watoto huzungusha pia yenye pande 4, kila upande ukiwa na herufi ya Kiebrania. Pia ya kokwa la parachichi na kijiti huzunguka vizuri vilevile, ila kijiti kina ncha, kwa hiyo mkubwa azungushe na mdogo atazame.

Sasa usalama. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto: vizibo vya soda, shanga, maharagwe, ndengu. Chupa yenye ndengu ndani ni kichezeo kizuri cha kutikisa, lakini kifuniko chake kikifunguka ni hatari, hivyo mtoto aicheze mbele ya mtu mzima tu.

Chupa yenyewe iwe ya maji au ya soda. Huu ni msimu wa kupulizia dawa ndengu na miembe, na chupa tupu za dawa huzagaa mashambani. Kuioshea chupa ya dawa hata mara tatu hakuifanyi ifae kuchezewa wala kuwekwa maji. Itoboeni isiweze kutumika tena.

Mtoto akikabwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kulia au kupumua, mwinamishe na umpige mara 5 kwa kiganja kati ya mabega. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5, kisha urudie yote huku mwenzako akitafuta msaada. Aliye chini ya mwaka 1 habonyezwi tumbo. Hubonyezwa katikati ya kifua. Usichokoe kooni usikokuona kitu.

Zile betri bapa za duara, ambazo huwa kwenye kadi zinazoimba na taa ndogo za mapambo, zinaweza kuunguza koo katika muda wa saa 2. Mtoto akimeza moja msingoje muone dalili, na msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na kama mnayo betri inayofanana na hiyo, iendeni nayo.